Kipimo cha Sabina

Sabina, fundi cherehani wa hapa Nansio kisiwani, si mgumba, na anayemwita hivyo nina neno naye. Mimba zilishika, ila kila moja iliharibika. Mtaani wakasema kalogwa. Daktari wa Mwanza ndiye aliyesema la maana: kinga ya mwili wake humgeukia yeye mwenyewe, damu inaganda isipotakiwa, na mtoto anakosa chakula tumboni. Kipo kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe wa ndani unaoletwa na kinga hiyo, na chake kilikuwa juu.

"Meza dawa," daktari alimwambia. "Kikishuka na kutulia, ndipo mtafute mtoto."

Basi akawa mtu wa meli na maabara. Mwanzoni mumewe, Revocatus, alimsindikiza.

Kipimo kilipoanza kushuka, kikundi chake cha maombi kikatangaza mfungo mkavu, bila chakula wala maji usiku na mchana. Sabina akaona kidonge humezwa kwa maji, kwa hiyo kukimeza ni kufungua. Akaacha dawa mpaka mfungo uishe, kisha akapanda meli kifua mbele kwenda kupima. Kabla hajafika Mwanza mguu ulikuwa umevimba, hakanyagi. Damu imeganda. Akalazwa, na kipimo kimepanda kuliko mwanzo. Nilimkasirikia mno, halafu nikamwonea huruma, maana alikuwa anamwomba Mungu mtoto.

Ikabidi kusubiri upya. Revocatus hakusubiri. Alikwenda kisiwa cha Ukara kununua dagaa, akahamia huko, na sasa tunasikia ana mwanamke mwenye mimba kubwa. Simlaani. Ila shikamoo yake siiitikii.

Juzi nilimsindikiza Sabina mimi, jirani yake. Daktari akasoma majibu, akatabasamu.

"Hongera, mama. Uvimbe umetulia kabisa, na muda wa kusubiri umetosha. Sasa mnaweza kutafuta mtoto. Vidonge tutabadilisha, utachoma sindano. Safari ijayo njoo na baba tuongee."

"Asante, daktari," Sabina akajibu. "Nitamwambia."

Nikaangalia sakafu.

Kwenye meli ya kurudi alitoa simu, akapitisha majina juu na chini, akairudisha kwenye mkoba.

"Mama Dorcas, mtu akipata habari njema kama hii anampigia nani?"

"Si mimi niko hapa, mwanangu?"

"Wewe umeshasikia," akasema.