Madume Waliovuka Kilima

Kwa miaka mingi ya kazi yangu niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba tilapia dume ukimpandisha mlima anageuka jike.

Habari hiyo nilipewa na Mutua, dereva wa kituo cha kuzalisha samaki, siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya tisini ikianza. Tulikuwa tunapakia mapipa ya samaki wa kupeleka Mitaboni. Mutua akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwona mgonjwa.

"Wewe ni mgeni, si ndiyo? Basi shika hii. Samaki wa bwawa la Masinga amezoea joto. Ukimvusha hiki kilima, baridi ikimpata pale juu, udume unamtoka. Unafika Mitaboni na pipa la akina mama."

"Wee Mutua, kweli?"

"Mimi naendesha hii barabara tangu hujajua kunyoa ndevu. Funika pipa."

Nilifunika. Nilivua koti langu nikafunika pipa, na safari iliyofuata nilikuja na blanketi kutoka nyumbani. Mke wangu aliniuliza blanketi linaenda wapi, nikamwambia linaenda kazini. Kwa muda wa wiki nzima hakuniongelesha.

Nyinyi vijana mnaofuga siku hizi mnaletewa vifaranga ambao ni madume watupu, waliolishwa chakula chenye dawa ya kuwafanya madume tangu wakiwa wadogo kama punje ya mtama. Mnamwaga kwenye tangi, mnangoja. Sisi tulikuwa tunawageuza tumbo juu, mmoja mmoja kwa mkono, kutazama nani dume nani jike. Nimegeuza samaki wengi kuliko nywele za kichwa changu, na nawaambia wakati huo nywele nilikuwa nazo.

Sababu ni hii. Tilapia anazaa kuliko sungura. Weka madume na majike pamoja kwenye tangi la nyumbani, na kabla ya mvua ya pili utakuwa na samaki elfu moja, wote wadogo kama kidole, wanagombania pumba na hakuna hata mmoja wa kujaza sahani. Dume peke yake hana shughuli nyingine isipokuwa kula na kunenepa. Kwa hiyo mtu wa tangi alipewa madume tu. Aliyetaka kuzalisha alipewa dume mmoja na majike watatu, na mchanga wa kutandaza chini. Dume anachimba shimo la mviringo kama sahani, anajipaka rangi nyekundu kwenye mapezi na kuanza kuringa. Jike anataga pale, kisha anayaokota mayai yote na kuyabeba mdomoni mpaka yaanguliwe. Siku zote hizo hali chochote. Ukimwona jike ametuna kidevu na anakataa pumba, mwache. Ukimshtua atawatema watoto na dume atawafanya chakula cha mchana.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa wa kusugua matangi tu. Matangi manane ya saruji, brashi moja, na mgongo wangu. Jioni nilikwenda shule ya watu wazima pale mjini, nikiwa na miaka arobaini na ushee, nikakaa na wanaume wenye wajukuu. Nilikaa mstari wa nyuma kabisa na bado nilisoma kila kitu ubaoni, wenzangu wakasema nina macho ya mwewe. Kitabu tu ndicho nilichokishika mbali, mkono umenyooka, kama mtu anayeogopa kuumwa nacho. Nilipopata cheti changu nilikipeleka kwa mkuu wa kituo, ambaye sote tulimwita Bwana Samaki. Alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache, shati limepigwa pasi mpaka linakata upepo. Alikisoma cheti, akakisoma tena.

"Kesho uache brashi," akasema. "Utakaa mezani."

Ile meza! Ilikuwa ya mbao, chini ya mabati, na karai la maji katikati. Upande mmoja mimi, upande wa pili Mama Mwende, mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kumi, mwenye mikono myepesi na kicheko cha kusikika mpaka sokoni. Yeye alikuwa amefundishwa kazi kabla yangu, lakini hakuwa na cheti. Kwa hiyo mimi nikawa mkubwa wa meza.

Kazi ilikwenda hivi. Unamshika samaki kichwa kikiwa kwenye kiganja, tumbo juu. Nyuma ya tundu la haja kubwa kuna kinundu kidogo. Cha dume kimechongoka, kina tundu moja kwenye ncha. Cha jike ni cha mviringo, kina tundu dogo la mkojo kwenye ncha, na katikati kuna ufa mdogo umelala mkingamo, hapo ndipo mayai yanapotokea. Ukihesabu yote, dume ana matundu mawili, jike matatu. Ufa ule ni mwembamba, kwa hiyo tulipaka tone la ile dawa ya zambarau ya vidonda kwa unyoya wa kuku, na ufa ukajichora wenyewe. Mimi nilitazama na kutamka, "Dume! Jike! Dume!" Mama Mwende alimpokea, akamgeuza kidogo, akamtupa kwenye pipa la kushoto au la kulia. Niliona anawageuza tena, nikadhani anastaajabia kasi yangu.

"Baba Kioko," alikuwa ananiambia, "wewe unaita kama kondakta."

"Na wewe unatupa kama unatupia kuku mahindi."

"Aiya! Kuku zangu hawana maneno mengi hivi."

Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda, miaka sita. Msinifikirie vibaya. Yeye alikuwa na mume wake, fundi wa baiskeli, na mimi nilikuwa na wangu wa blanketi. Lakini mtu unayekaa naye meza moja, mikono yenu nyote wawili ikiwa ya zambarau, mnacheka kitu kimoja kwa wakati mmoja, huyo hukosi kumjua hata kwa kikohozi chake. Mpaka leo nikisikia maji yakimwagika kwenye karai, masikio yangu yanamngoja acheke.

Bwana Samaki alikuwa na sheria moja. "Meza hii inatoa madume," alisema. "Siku nitakayosikia tangi la mtu limejaa vifaranga, aliyekosea ataondoka mezani." Sote wawili tuliijua hiyo sheria kama tunavyojua Baba Yetu.

Siku moja mtoto wa Mama Mwende aliugua, naye hakuja. Mama Ndunge wa Mitaboni alikuwa anangoja madume wake. Alikuwa na tangi la maji ya mvua nyuma ya nyumba, la ng'ombe na mboga, na alikuwa amewatangazia majirani wote kwamba Krismasi watakula samaki kwake. Nikageuza peke yangu, nikatamka peke yangu, nikatupa peke yangu. Nilijiona shujaa. Mutua akawasha gari, mimi nikafunika pipa kwa blanketi, tukavuka kilima.

Miezi mitatu baadaye Mama Ndunge alikuja kituoni akiwa amebeba sufuria. Ndani ya sufuria kulikuwa na vifaranga wadogo kama sindano, wanacheza.

"Mliniambia ni wanaume," alisema. "Sasa hawa wamezaliwa na nani? Na mimi?"

Bwana Samaki alituita ofisini, mimi na Mama Mwende. Sufuria ilikuwa juu ya meza yake, katikati ya faili.

"Nani aligeuza hawa samaki?"

Nikasimama wima. "Mzee, hapa hakuna mkosaji. Ni kile kilima. Baridi ya pale juu. Blanketi lilikuwa limechakaa. Samaki tunaopeleka Masii hawajawahi kuleta shida hii hata siku moja, kwa sababu kwenda Masii hakuna kilima cha kuvuka."

Bwana Samaki akaniuliza, "Kilima kimezaa?"

"Kimewageuza, mzee."

"Mama Mwende, na wewe unasemaje?"

Yeye alikuwa anatazama sufuria. "Ni mimi, mzee. Nilitupa kwenye pipa baya."

Niligeuka kumtazama. Siku ile hata hakuwepo kituoni, na mimi nilijua hakuwepo! Hapo ndipo mdomo wangu mkubwa, ambao haujawahi kukosa neno kanisani wala sokoni, ulipaswa kusema hivyo. Badala yake niliendelea kutetea mlima. Nilieleza habari ya upepo, ya ukungu, ya joto la Masinga, mpaka Bwana Samaki akainua mkono ninyamaze. Wiki iliyofuata Mama Mwende alihamishiwa Masinga, kwenye ufuo wa bwawa, kupima uzito wa samaki wa wavuvi. Alinipa mkono, akaniachia unyoya wake wa kuku. "Utumie huu, ni mwembamba," akasema tu.

Muda si mrefu na mimi nilitolewa mezani, nikatumwa Masii kufundisha wafugaji. Ilionekana mdomo wangu unafaa kuliko mikono yangu. Nilifundisha huko mpaka nikastaafu. Nilifundisha makanisani, shuleni, chini ya mabati ya soko, na watu walicheka na kuchimba mabwawa. Kazi nzuri. Lakini hakuna aliyeniambia naita kama kondakta.

Sasa nina tangi langu nyumbani, hapo nyuma ya jiko. Dume mmoja, majike watatu, mchanga wa mto. Nina miwani pia, niliyopata kwa madaktari wa macho waliokuja kanisani. Asubuhi naketi kwenye kigoda nikimtazama jike aliyetuna kidevu, na natamani kumwonyesha mtu ambaye hahitaji kuelezwa. Kustaafu kuna chai ya kutosha na watu wa kutosha. Mtu wa kazi yako ndiye anayekosekana.

Mwaka jana nilishindwa kuvumilia. Nikaenda Masinga, nikachukua boda boda mpaka ufuoni. Nilimkuta kwenye mizani yake, nywele zimeanza kuwa nyeupe, mikono ni ile ile.

"Ngai! Baba Kioko! Nani amekufungua kamba?"

Tulicheka mpaka wavuvi wakageuka. Kisha nikamuuliza nililolibeba miaka yote. "Mama Mwende, kwa nini ulijitwika makosa ya kile kilima?"

Alichukua tilapia kwenye karai, akamfuta, akamlaza tumbo juu kwenye kiganja changu.

"Toa miwani. Huyu ni nini?"

Niliinama. Niliona kitu cheupe, kama ukungu. "Dume," nikasema, kwa haraka ile ile ya zamani.

"Vaa sasa."

Nilivaa. Ufa ulikuwa pale, umelala mkingamo, wazi kama mlango.

"Miaka sita nilikuwa nawarudisha kwenye pipa lao," alisema taratibu, akimchukua samaki mkononi mwangu. "Kila siku. Ningesema, ungerudishwa kwenye brashi, na ile shule yako yote ya jioni ingeenda bure. Mimi walinihamisha tu." Akamweka samaki kwenye mizani, akasoma uzito, akamgeukia mvuvi wake, kisha akanitazama tena.

"Samaki hawakugeuka, Baba Kioko. Wewe ulikuwa huoni."