Chupa Tupu za Shangazi

Nilipoanza kumeza vidonge vya kifua kikuu, nilivichukua ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, ili majirani zangu wa Masinya wasinione kwenye foleni. Nilimwambia mtu mmoja tu: shangazi yangu, aliyeolewa Kiyeyi. Hakuuliza nilivipata wapi. Aliuliza kama nimelifikiria ini.

"Dawa ya hospitali inakula ini," alisema. "Mimi natengeneza kitu ya kuilinda."

Kitu chenyewe kilikuwa maji ya majani ya mululuza, yaliyofikichwa kwa mkono na kuchujwa kwa kitambaa. Yalikuwa machungu kupita kiasi; nilikunywa huku nikimlaani aliyeyagundua. Kila Jumamosi alileta chupa iliyojaa na kuchukua ile tupu. Kwetu dawa ya miti haishukuriwi wala haijadiliwi. Ukisema asante, inakataa kufanya kazi. Chupa tupu ndiyo jibu lote. Mimi nisiyependa maneno mengi niliona utaratibu huo ni mzuri.

Mwezi wa pili macho yangu yakawa ya njano. Muuguzi wa ng'ambo alinipima damu, akaniambia ini limeumia: niache vidonge vyote, na majani pia, mpaka aniruhusu.

"Labda majani yanasaidia, labda yanaumiza," alisema. "Sitaki kubahatisha na ini lako."

Nikaacha vyote. Shangazi aliendelea kuleta chupa, nami sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Nilimwaga nyuma ya choo, nikamrudishia tupu. Baada ya wiki kadhaa macho yakawa meupe, nikaanzishiwa vidonge upya, kimoja kimoja, na mwishowe nikapona. Shangazi alinitazama machoni, akatabasamu, akaondoka na chupa yake. Nikajipongeza kwa kukwepa ugomvi.

Mwaka uliofuata binti yake aliugua kifua kikuu. Nilipopata habari alikuwa tayari amelazwa Tororo, tumbo limevimba, hatambui watu vizuri. Daktari alikuwa amesimamisha vidonge. Shangazi alinivuta pembeni, chupa ikiwa ndani ya mkoba, akaniomba nimshike muuguzi kwa mazungumzo ili amnyweshe mtoto kidogo.

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimweleza habari za nyuma ya choo, na kwamba macho yangu yalisafika kwa sababu niliacha vidonge kwa muda. Niliongea haraka, kwa aibu, nikiangalia sakafu.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliuliza tu ni chupa ngapi, nikasema zote, tangu siku ile ya muuguzi.

"Mimi niliona macho yake imekuwa njano," alisema. "Alitaka kuacha dawa. Nikamwambia vumilia, endelea kumeza, kaka yako wa Masinya pia alipita hapo hapo."

Binti yake aliishi siku nne zaidi.