Chupa Iliyotolewa Bila Kuonjwa

Épiphanie Nyirahabimana, ambaye mtaani kwetu Kimironko huitwa Mama Kaze, alikuwa mpishi kwa miaka mingi katika jumba moja la Nyarutarama. Alipoacha kazi aliondoka na ufundi usiojulikana sana huku kwetu: kuhifadhi nyanya katika chupa pana za kioo, pamoja na chumvi na maji ya limau, kisha kuzichemsha chupa zenyewe sufuriani mpaka kifuniko kijivute ndani na kukaza.

Kiangazi hiki bustani yake ya uani ilizaa kupita kiasi. Karoti zilivumilia kubaki ardhini, lakini nyanya ziliiva zote kwa pamoja, akazitia chupani. Chupa ya kwanza alimpelekea Bi Yasmina, mshonaji wa nguo, jirani wa ukuta mmoja, ambaye bomba lake ndilo lililoinywesha bustani hiyo tangu mvua ilipokatika. Bila maji hayo, maharage yaliyokuwa yakianza kutoa maua yangekauka.

"Usiifungue sasa," alimwambia. "Ingoje mpaka nyanya ziadimike."

Hapo ndipo alipokosea. Kwetu, ampaye mwenziwe kinywaji au chakula hukionja kwanza mbele ya macho yake. Sababu haitajwi, kwa kuwa kila mtu anaijua: sumu. Mama Kaze alitoa chakula kilichofungwa, hakukionja, na juu ya hayo akaagiza kisiguswe. Lakini angekionjaje? Chupa ikifunguliwa tu, hifadhi imekwisha.

Bi Yasmina aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka nje juu ya ukuta, mbali na jiko. Kesho yake lango lake lilikuwa limefungwa. Mama Kaze alisimama na madumu yake, akaisikia cherehani ikinguruma ndani, akabisha. Cherehani ikanyamaza, wala hakuna aliyetoka. Siku zilizofuata mambo yakawa yale yale, na majani ya maharage yakaanza kujikunja. Naye Mama Kaze akaanza kushuku watu, kwamba kuna aliyemsengenya kwa Bi Yasmina. Alimshuku muuza mkaa, aliyemsalimu kwa haraka. Alimshuku Natacha, mteja wa Bi Yasmina, aliyevuka barabara alipomwona. Hata mimi nilipomuuliza habari za bustani alinikazia macho kabla ya kujibu.

Siku alipoiona chupa yake ingali juu ya ukuta, imeshika vumbi, ndipo alipoelewa. Alichukua kijiko, akavizia lango lifunguliwe kwa ajili ya mteja, akaingia.

"Bi Yasmina, lete ile chupa."

"Ya nini? Si ulisema isifunguliwe?"

"Leo nataka kuila."

"Kula zako, Mama Kaze. Kwako zimejaa tele."

"Nikila zangu utasema nimejichagulia zilizo salama."

Bi Yasmina hakukana. Aliishusha chupa mwenyewe, akaigeuzageuza, akakipapasa kifuniko ukingoni kama apapasavyo mshono wa mshonaji mwingine, kisha akampa. Mama Kaze alipokifungua kifuniko kikatoa mlio mdogo, na Bi Yasmina akarudi nyuma.

"Hiyo sauti ni ya nini?"

"Ni hewa inaingia. Iko sawa."

"Hewa," alisema Bi Yasmina. "Haya, kula hewa yako."

Mama Kaze alichota, akala. Bi Yasmina akamwonyesha kwa kidole sehemu ya chini kabisa; akachota huko pia, akala, akafungua kinywa kuonyesha kwamba amemeza.

"Sasa tuzipike, zisiharibike."

"Nitazichemsha nizifunike. Kuzila, bado. Kesho ukiamka mzima, njoo na madumu yako."

"Na nisipoamka?"

"Basi maji utayafanyia nini?"

Asubuhi Mama Kaze alibisha mapema kuliko kawaida yake. Bi Yasmina alifungua lango nusu, akamtazama weupe wa macho, akamwambia atembee kidogo, aende na kurudi. Akatembea, madumu mkononi. Ndipo Bi Yasmina alipolifungua lango lote, akampisha kwenye bomba.