Shikamoo Iliyomezwa na Laptopu

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni swali moja: nikimwambia Baba Mkubwa kwamba sirudi Tanga, atasikia sauti ya mtu mzima aliyeamua, au ya mtoto aliyesomeshwa akaota kiburi? Nililigeuza swali hilo kama chapati, upande huu, upande ule, mpaka likaungua pande zote mbili na jibu sina.

Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba, ndiye aliyenisomesha mpaka nikapata shahada ya kompyuta hapa Johannesburg. Sasa alikuwa amenitafutia kazi kwa rafiki yake mwenye duka kubwa la vipuri. Rafiki huyo alitaka "kijana wa kompyuta." Najua maana yake. Kijana wa kompyuta katika duka la vipuri ni mtu wa kuchapa risiti, kufukuza virusi, na kurudisha picha za harusi zilizofutika kwenye simu ya mke wa tajiri. Jibu lilitakiwa kabla ya swala ya Ijumaa, kwa kuwa wakitoka msikitini wazee hao wawili huketi pamoja, na Baba Mkubwa alikuwa ameahidi kumpa mwenzake neno siku hiyo. Nami nilikuwa na kazi Randburg, hapahapa jijini, kazi ndogo ya mkataba, kuwasaidia watu ambao kompyuta zao zimegoma. Hakuna aliyenitafutia kazi hiyo. Ndiyo sifa yake pekee, na kwangu ilitosha.

Mtu mwingine angechukua simu akapiga. Mimi nikafikiri.

Ujumbe wa maandishi Baba Mkubwa hausomi. Husema mambo ya watu wazima hayaandikwi kwa kidole gumba. Namba asiyoijua hapokei, anaogopa matapeli, kwa hiyo lazima nipige kwa namba yangu. Nikipiga nikiwa chumbani kwetu Malvern, atasikia Mtaa wa Jules wote: honi za teksi, muziki wa dukani, cherehani ya mwenzangu. Nikipiga kazini, ofisi nzima itasikia. Nilitaka asikie kijana aliyekaa mahali patulivu, anayesema maneno yaliyopangwa. Ndipo nikaamua kupiga simu kwa laptopu.

Laptopu yangu inatumia mfumo wa Linux, na programu zake ni huria: yaani msimbo uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Wapenzi wa programu hizo huzungumzia uhuru kana kwamba jana tu walitoka msituni na bunduki, ingawa msitu wenyewe ni chumba cha kulala nyumbani kwa mama zao. Nina haki ya kuwadharau, maana mimi ni mmoja wao.

Kinadharia ni jambo jepesi. Simu inabaki mezani na laini yake ndani. Laptopu inaungana nayo kwa bluetooth na kujifanya kile kifaa cha kwenye gari, kinachomwezesha dereva kuongea bila kushika simu. Unabonyeza namba kwenye kioo cha laptopu, simu inapiga, sauti inapita kwenye vipokea sauti vyako. Ukitaka, unaongeza kichujio cha kuondoa kelele. Na pembeni kwenye kioo hichohicho unafungua hotuba yako, uisome bila kigugumizi.

Programu ya kwanza ilipiga simu lakini haikutoa sauti. Ya pili ilitoa sauti nzuri sana, tatizo haikuweza kupiga. Ya tatu ilikuwa imetelekezwa na mwenyewe, aliyeacha ujumbe mfupi kwamba amepata mtoto na tumtakie heri. Nikaenda kuuliza kwenye jukwaa la watumiaji mtandaoni. Wa kwanza akajibu, "Kwangu inafanya kazi." Wa pili akaniambia nisome mwongozo. Wa tatu akataka kujua kwa nini mtu mwenye akili timamu bado anapiga simu. Hao ndio wapigania uhuru wetu.

Siku ya Jumatano mwenzangu wa chumba alisimamisha cherehani akaniangalia. Ni mshonaji kutoka Bukavu, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, na meza yake imemeza nusu ya chumba.

"Petit," akasema, "simu iko mbele yako. Iko na crédit?"

"Ipo."

"Iko na batterie?"

"Ipo, kaka."

"Sasa unatafuta nini ndani ya ile ordinateur?"

"Nataka mzee asisikie kelele zako."

"Kelele zangu! Eish! Iyi kelele ndiyo inashona ile suruali uko nayo!" Akacheka, kisha akakunja uso. "Na ile kazi, utakataa kweli?"

"Nitakataa."

"Weye uko mjinga. Oncle anakupatia kazi, anakupatia nyumba, chakula ya bure, hata mwanamuke atakutafutia. Mimi kama ningekuwa na oncle ya vile, ningefika jana."

Huyo naye ni mshauri. Kila mtu asiye na baba mkubwa anajua jinsi ya kuishi na wangu.

Usiku ule programu ya nne ilikubali. Nilijaribu kwa kumpigia mshonaji, yeye akiwa nje kwenye korido. "Halo, halo, moja, mbili, tatu," nikasema. Akarudi akiwa ametoa macho: "Nakusikia muzuri, kama radio! Mashini yangu haiko, Jules Street haiko!" Nikajiona mhandisi. Nikaipiga hotuba yangu msasa mara ya mwisho.

Alhamisi alasiri nikapiga.

"Halo," akasema Baba Mkubwa.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

Nilisubiri marahaba yangu. Haikuja.

"Shikamoo," nikarudia.

Nikadhani ana hasira, pengine ameshaambiwa. Nikashika hotuba. "Baba Mkubwa, kuna jambo nataka kukueleza kuhusu ile kazi..."

"Kijana," akasema polepole, "ulipoondoka hapa ulikuwa na adabu."

Akakata.

Haikuchukua muda Mama Mdogo akanipigia kutoka Randburg, anakoishi na mumewe. Kwetu habari ya utovu wa adabu haihitaji bluetooth.

"Wewe mtoto, umempigia mzee bila kumwamkia? Ananiambia umeanza tu, 'Baba Mkubwa, kuna jambo,' kama askari kanzu!"

"Nimemwamkia, Mama Mdogo! Mara mbili!"

"Umemwamkia moyoni? Mzee ana masikio yake."

"Ni programu."

"Ala! Kumbe programu ndiyo haina adabu."

Nikajirekodi, nikasikiliza, na nikaelewa. Kichujio cha kelele kilikuwa kinafunga njia kila kukiwa kimya. Nikianza kusema, kilitaka kwanza kuhakikisha kwamba ni sauti ya mtu, ndipo kifungue. Wakati kikihakikisha, neno la kwanza lilikuwa limekwisha kupotea. Shikamoo ya kwanza ilikatwa, likabaki "Baba Mkubwa." Shikamoo ya pili, iliyosimama peke yake, ililiwa nzima. Katika jaribio letu kilichopotea ni "halo" moja kati ya mbili, na nani hulia kwa kupotelewa na halo?

Nililipeleka tatizo jukwaani. Nikajibiwa kwamba si kosa, ndivyo kilivyokusudiwa, na kwamba nianze kila sentensi kwa neno lisilo na umuhimu. Watu hao wametengeneza kitu kinachotenganisha pumzi ya binadamu na honi ya teksi, lakini haijawapitia akilini kwamba kuna mahali duniani ambapo neno la kwanza ndilo mazungumzo yenyewe, na yanayofuata ni maelezo tu. Neno lisilo na umuhimu! Nikohoe? Baba Mkubwa angesema nina kifua kikuu, nirudi haraka. Nianze na bismillahi? Angeipata shikamoo, lakini Mungu angekatwa.

Sasa swali langu lilikuwa limezaa. Jumatano hapana yangu ilikuwa hatari. Alhamisi ilikuwa tusi. Mtu asiyeamkia, kisha akakataa riziki aliyotafutiwa, huyo si kwamba amekataa kazi, amekataa ukoo. Mama Mdogo alikuwa na dawa tayari. "Mwambie ndiyo," alisema nilipompigia tena. "Muombe radhi, mwambie ndiyo. Akishapoa, baada ya miezi, utatafuta sababu." Hivyo ndivyo tunavyokataa kwetu: tunakubali, halafu tunaugua, au nauli inapotea, au pasipoti inachelewa. Na siku zote hizo mwenye duka anasubiri, na mzee anaendelea kutoa ahadi kwa jina lako.

Nakiri hiyo ndiyo njia iliyonivutia. Nilikaa nayo Ijumaa asubuhi, chai ikipoa, nikaandika hotuba ya ndiyo. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya hapana, imenyooka, ina shukrani kila mstari. Nilipoisoma kwa sauti nikasikia sauti ya yule mteja wetu wa Randburg anayeapa kwamba hakugusa kitu, kompyuta imejiharibikia yenyewe. Nikamdharau mtu yule. Nikaifuta.

Nikafunga laptopu, nikachukua simu, nikapiga.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za hapo?"

"Nzuri. Za huko?"

"Nzuri. Mama Mkubwa hajambo?"

"Hajambo. Miguu tu." Kisha: "Sema."

"Nakushukuru kwa kazi uliyonitafutia. Siichukui. Sirudi Tanga kwa sasa."

"Ndilo ulilotaka kusema jana?"

"Ndiyo."

"Bila salamu."

"Nilikuamkia. Mtambo ulikata."

"Mtambo," akasema, kwa sauti ya hakimu aliyeambiwa kuku aliingia mwenyewe kwenye gunia. "Na mimi leo nikamwambie nini mwenzangu? Mtambo umekata?"

"Mwambie nimekataa."

"Mimi si mjumbe wako. Wakati wa kukutafutia nilikwenda mimi, kwa miguu yangu. Kukataa ni kwako, kapeleke mwenyewe. Nakutajia namba yake."

Sikuwa na karatasi. Mshonaji akanirushia chaki yake, nikaiandika namba kwenye kipande cha kitambaa cha bluu. Baba Mkubwa akanirudishia tarakimu moja moja, akahakikisha nimezipata, akakata bila kuniaga.

Nikampigia tajiri wa vipuri saa ileile, kabla hajaenda msikitini, nikamwambia mimi ni nani na kwamba atafute kijana mwingine.