Mzunguko wa Saba

Ukiifungua kalamu ya wino ya zamani utaona ni kitu rahisi mno: nibu, ulimi mweusi wenye mfereji wa kushushia wino, na ndani ya mwili kifuko cha mpira. Unainua kikono kilicho ubavuni, kipande cha chuma kinaubana mpira, hewa inatoka. Ukikiachilia, mpira unafura na kuvuta wino. Mpira ndio wa kwanza kuharibika. Wino huula, na baada ya mwaka mmoja au miwili huwa unanata kama ubani uliotafunwa. Wetu hasa, maana vifuko halisi havikupatikana Nyeri. Tulikata mpira wa valvu ya baiskeli, tukaziba ncha moja kwa gundi, tukaupaka poda ya mtoto na kuufunga kwenye shingo ya kalamu kwa uzi.

Baba alinifundisha haya yote kwenye meza yetu ya ufundi mtaani Majengo, karibu na msikiti. Alikuwa na namna yake ya kufunga. Wazee wa kwetu hawapendi kutamka saba wanapohesabu, na baba, aliyejiona msomi, aliiogopa hata kwenye uzi. Alizungusha mara sita, uzi umeshikana vizuri. Wa saba akaupitisha mshazari, haraka, kama mtu anayeruka dimbwi, kisha akaukaza wa nane. Nilimcheka sana. Mimi hufunga mara tano na fundo, basi, na sijawahi kuona mtu mwingine akifunga kama yeye.

Kalamu zilipokosa wateja, alienda Naro Moru kubeba mizigo ya wapanda Mlima Kenya. Mwishoni mwa miaka ya themanini alipanda na hakushuka. Waliomtafuta walirudishwa na ukungu. Kanisa lilimwombea bila jeneza, mama akavaa nguo nyeusi, nami nikarithi meza. Miaka minane baadaye mama alikubali kuolewa na mgane mmoja wa kanisani, mtu mpole mwenye ng'ombe wawili. Harusi ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Julai. Mama alikuwa ameanza kunenepa, na nilifurahi kumwona akila.

Jumatano ya wiki hiyohiyo alikuja karani mmoja wa kituo cha majani chai.

"Hii kalamu iko na shida," alisema. "Inakunywa wino sawasawa, lakini kuandika inakataa."

"Iache nioshe. Nenda unywe chai kwanza."

Niliiloweka shingo kwenye maji ya uvuguvugu. Maji moto huifanya kalamu nyeusi iwe na rangi ya kinyesi cha ng'ombe, na hakuna dawa. Nilipoizungusha, shingo ilitoka na mpira wake. Mpira ulikuwa mpya. Poda bado ilikuwa juu yake.

Nikautazama uzi ulivyofungwa. Mizunguko sita imeshikana. Mmoja mshazari. Wa nane umekazwa.

Nikahesabu tena kwa ncha ya sindano. Nje ukungu ulikuwa umeumeza msikiti na hata sauti za watu zilikuwa mbali. Nilihisi mtu amesimama nyuma yangu, anaangalia ninavyoshika sindano, kama zamani. Nikageuka. Palikuwa na koti langu tu kwenye msumari.

Niliogopa, kisha nikakasirika, maana maiti haifungi uzi.

Karani aliporudi nilimuuliza nani alimwekea ule mpira.

"Mzee fulani huko Kangema, sokoni. Ilikuwa mwezi wa tatu. Ako na mguu mbaya, anatembea pole pole. Aliniambia ati ikisumbua tena nisirudi kwake, nilete hapa Majengo, kuna msichana anajua. Nikamuuliza, kwani mnajuana? Akahesabu pesa yake tu." Akanitazama. "Ni mtu wenu?"

Kwa hiyo baba alijua nilipo. Miaka yote hiyo mama akilia na kufunga na kuomba, alijua barabara ya kurudi, na mguu wake mbaya ulimfikisha hadi soko la Kangema, mbali kuliko kwetu. Neno moja tu kutoka kwangu na hapangekuwa na Jumamosi.

"Hapana," nilisema. "Simjui."

Nikachukua wembe.

"Mpira si bado ni mzima?" karani akauliza.

"Umeoza."

Nilikata uzi mbele yake, nikaweka mpira mwingine na kuufunga mara tano na fundo. Nikajidunga kidole kwa sindano. Kalamu ikaandika vizuri, naye akaenda zake.

Jioni, nyumbani, nilitupa ule mpira na uzi wake kwenye jiko la makaa. Ulijikunja, ukalia kidogo, ukatoa moshi mweusi. Mama akaita kutoka chumbani.

"Ni nini hiyo inanuka?"

"Ni mpira ya kalamu, mama. Ya mtu tu."

"Basi fungua dirisha, isiingie kwa nguo yangu ya Jumamosi."

Nikainuka, nikafungua.