Saladi Yangu na Maombi ya Imani

Leo mtoto wangu amenishtaki kwa Mungu, mama mkwe akiwa shahidi.

Mnajua nimeanza mambo ya afya. Nyumba hii tulikuwa tunakulanga obusuma, yaani ugali, kila siku, hadi mashati ya mzee yakakataa kufunga.

Basi mchana nikakata kabichi, karoti na parachichi, nikakamulia ndimu. Saladi ikapendeza kama zile za kwenye simu.

Mara hodi! Mama mkwe, kutoka Likuyani. Hata hakupiga simu.

Akachungulia bakuli. "Mama Imani, siku hizi mnafuga sungura?"

"Ni chakula cha mchana, mama."

Akalitazama bakuli tena, akanitazama mimi. Yale macho ya mama mkwe mnayajua.

Haraka nikamwambia Imani, wa miaka mitano, atuombee. Akafumba macho:

"Mungu, asante kwa haya majani. Sasa tunaomba utupatie chakula. Amina."

Amina ya mama mkwe ilifika kwa jirani. Mzee wangu aliinama, nikadhani ni aibu. Kumbe anacheka!

Nikainuka, nikasonga ugali.

Eti mama mkwe akaonja saladi na ugali, akaongeza, akaongeza tena.

"Mboga tamu hivi, mbona ulikuwa unainyima obusuma?"

Bakuli likaisha. Mimi nikabaki na kipande cha karoti.

Semeni ukweli: hapa nani ameshinda?