Siku Mwalimu Upepo Alipoyaacha Madirisha

Tangu tumzike kaka yangu, namwona kati ya usingizi na kuamka. Yumo katika darasa refu lisilo na mwisho, anafungua madirisha, wala hageuki. Vumbi la chaki linaelea kwenye mwanga kama unga kwenye mlango wa mashine ya kusaga. Nataka kumwita, ulimi unakuwa mzito, kisha naamka na kusali. Mola ampe upepo mwanana huko aliko, maana huku duniani upepo ndio uliompa jina.

Alifundisha chuo cha ualimu mpaka Mungu alipomwita. Mimi, mdogo wake wa kike, niliishia kidato cha nne, nikapata kazi ya ulezi wa bweni la wasichana chuoni hapohapo. Wanachuo walimchukua yeye kama baba, kwa hiyo mimi nikawa shangazi.

Somo lake lilikuwa malezi na nidhamu, na somo hilo halina siku ya amani. Leo fimbo, kesho nani alaumiwe mtoto akishindwa. Walimu wengine mjadala ukichemka walisema, "Basi, andikeni." Kaka hakutaka hivyo. Alisema asiyegombana chuoni ataenda kugombana na watoto wa watu. Ila alikuwa na mtindo wake. Sauti zikipanda, aliweka chaki mezani akaenda kufungua madirisha, moja baada ya jingine. Yalikuwa ya vipande vya vioo, yenye mipini ya chuma iliyokaza kwa kutu, na hakuna aliyeruhusiwa kusema mpaka la mwisho lifunguke. Katika ukimya ule mtu alisikia moyo wake unavyodunda, na neno alilolishika kama jiwe likapungua uzito. Wakamwita Mwalimu Upepo. Alijua, na alicheka.

Mchana mmoja binti tuliyemwita Chiriku, kwa kuwa aliamka akiongea na kulala akiongea, aliingia bwenini kimya. Akavuta sanduku lake uvunguni, akaanza kukunja nguo.

"Chiriku, vipi? Kengele haijalia."

"Naenda nyumbani, shangazi. Nimeacha chuo."

"Kuna msiba?"

"Msiba ni mimi."

Nilimkalisha kitandani, akanieleza. Mwenzao mmoja, kijana mbishi waliyemwita Wakili, alikuwa amesema darasani kwamba mtoto aliyelelewa na mama peke yake hafundishiki, ni kupoteza chaki tu. Watu wakacheka. Chiriku alilelewa na mama peke yake, aliyekuwa akifua nguo za watu. Akasimama ajibu. Kabla hajafungua mdomo, kaka akaweka chaki akaenda madirishani.

"Nimesimama pale kama mlingoti, wote wananitazama, na yeye kanipa mgongo anahangaika na mpini! Alipomaliza, Wakili akarukia hoja nyingine. Hakuna aliyeniuliza nilisimama kusema nini."

"Ndiyo desturi yake, mwanangu. Anawapa nafasi mpoe."

"Wapoe waliokwisha kusema. Mimi nilikuwa sijasema."

Nilimfuata kaka kwenye chumba cha walimu, nikamkuta anasahihisha, nikamweleza. Akaweka kalamu chini.

"Niliona midomo inamtetemeka," alisema. "Nikadhani namsitiri."

"Yeye aliona mgongo, kaka."

Aliinuka bila kuvaa koti. Wanaume hawaingii bwenini, hivyo alisimama barazani, nami nikamtoa Chiriku mlangoni.

"Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi."

"Nimekusamehe, mwalimu. Ila darasani sirudi."

"Kama umesamehe, kwa nini?"

"Mgongo ulinipa mbele ya watu. Radhi unaniomba huku uchochoroni, shahidi ni shangazi, naye ni mdogo wako!"

Nilishikwa na kicheko, na kaka naye akashindwa kujizuia. "Haki yako," akasema. "Njoo kesho asubuhi tu. Usiporidhika, nenda zako, sitakuzuia."

"Shangazi aje na mimi."

"Aje."

Kwa hiyo kesho yake nikakaa benchi la nyuma, mikono mapajani, nikiomba kimoyomoyo. Mvua ilikuwa inanyesha, madirisha yamefungwa, vioo vimeingia ukungu. Mwanga ulikuwa wa kijani, na sisi sote tulionekana kama watu waliokaa chini ya maji. Hata sauti ya kaka ilinijia kutoka mbali.

"Jana Chiriku alisimama kusema, nikamgeuzia mgongo. Nilikosea. Leo tunaanza palepale. Wakili, rudia ulichosema."

Wakili akasimama akivuta kola. "Mwalimu, mimi sikumlenga yeye."

"Hatujakuuliza ulimlenga nani. Rudia."

Alirudia, lakini kwa sauti ya mtu anayenunua dawa ya minyoo mbele ya wakwe. Hakuna aliyecheka. Chiriku akasimama. Midomo ikaanza tena kumtetemeka, na maneno hayakuja. Nikaona mkono wa kaka unaweka chaki mezani, jicho lake likaenda kwenye dirisha la kwanza. Ee Mungu, nikasema, mshike. Akaitia mikono yote miwili mifukoni, akabaki anamtazama yule binti. Jasho lilimtoka. Mvua ilipiga paa, nasi tukaelea humo, tukingoja.

"Mama yangu hajui kusoma," Chiriku akasema mwishowe. "Alikuwa akirudi kutoka kufua, ananiambia nimsomee daftari. Akisinzia narudia mwanzo, kwa sababu akiamka ataniuliza nilichosoma. Nyinyi mnasema mimi sifundishiki. Mimi nilikuwa nafundisha kabla sijaota meno yote! Sasa Wakili, kwenu baba alikuwepo. Alikuwa akikuuliza nini?"

Wakili akafikiri. "Kama nimefunga mbuzi."

Darasa likaangua kicheko, na Chiriku mwenyewe akacheka mpaka akajifuta macho.

"Lakini hoja yangu bado..."

"Hoja yako imelowa, keti!" mmoja akapiga kelele.

"Asiketi," kaka akasema. "Mwenzake amesikilizwa, na yeye asikilizwe. Ila kwanza, Wakili, tuambie umemsikia akisema nini."

"Amesema mama yake alikuwa mkali."

"Sikusema mkali!"

"Haya, hodari."

"Endelea," kaka akasema.

"Basi nasema, si watoto wote wa namna hiyo wasiofundishika, ila wengi."

"Wangapi?" Chiriku akasogeza kiti mbele. "Umewahesabu wapi? Shule gani?"

Kaka alisimama katikati yao kama mwamuzi aliyenyang'anywa filimbi, akimgeukia huyu, akimgeukia yule, mgongo wake ukiwa ubaoni muda wote. Na mimi nilikuwa bado nimekaa, nikingoja kuitwa shahidi. Chiriku akakumbuka nipo.

"Shangazi, wewe nenda tu ukafanye kazi zako," alisema bila kunitazama. "Hapa tutachelewa. Wakili, sijamaliza na wewe!"

Nikatoka taratibu. Barazani mvua ilikuwa imekuwa nyembamba kama uzi, na sauti zao zilipita ukutani zote kwa pamoja, sijui ya nani ni ipi. Nilimshukuru Mungu, kisha nikaenda kuanua mashuka niliyoyasahau nje.